Kabla na Baada ya Picha ya Ubongo wa Mtoto

Maswali ninayoletewa na wazazi kuhusu picha za ubongo yamekuwa yale yale. Mtoto analalamika kichwa, nikimbilie MRI? Tumeshapiga CT skani na hela imekwenda, mbona sasa tunaambiwa twende MRI? Karatasi ya majibu imeandikwa "uvimbe", ndiyo saratani hiyo? Nimeona niyajibu kwa mkupuo mmoja, kwa sababu katika uvimbe wa ubongo wiki tatu za kuzungushwa zinaweza kumpotezea mtoto macho, na wakati mwingine uhai.

Nianze na jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: picha hujibu swali lililoulizwa. Kama fomu imeandikwa tu "anaumwa kichwa", mashine iwe ya bei gani, haitajua itazame wapi. Maelezo yako, wewe unayemwogesha na kumlaza mtoto huyo, ndiyo yanayoamua apigwe picha lini, ipi, ya sehemu gani, na daktari anayeisoma atafute nini. Kazi hiyo huanzia nyumbani.

Dalili zinazodai picha

Kichwa kuwauma watoto ni jambo la kawaida, na mara nyingi chanzo si uvimbe. Cha kuogopa ni dalili mbili tatu zilizokaa pamoja, zisizoondoka, na zinazozidi kadiri siku zinavyokwenda. Angalia hizi:

- Kutapika kunakorudiarudia, hasa asubuhi, bila homa wala kuharisha, kwa zaidi ya wiki mbili. Wapo watoto wanaotapika, wakapata nafuu, wakaenda shule, na kesho yake hali ikajirudia.
- Kichwa kinachomwamsha usiku au kumkuta asubuhi anapoamka, na kinachoendelea wiki hadi wiki.
- Kuyumba, kujikwaa ovyo, au mwandiko kuharibika kwa mtoto aliyekuwa akiandika vizuri. Mtoto mdogo aliyekuwa ameanza kutembea anaweza kurudi kutambaa.
- Makengeza ambayo hayakuwapo, kuona vitu viwiliviwili, macho kuchezacheza, au kusogelea mno kitabu na televisheni.
- Shingo kupinda upande mmoja au kukakamaa.
- Degedege bila homa.
- Tabia kubadilika: kusinzia mchana, kujitenga, kushuka ghafla darasani, ukali usio wake.
- Kwa mtoto mchanga: kichwa kukua haraka kuliko kinavyotarajiwa, utosi kuvimba, macho kutazama chini muda mwingi.
- Kwa mkubwa: kukoma kurefuka, balehe kuchelewa au kuja mapema mno, kiu na mkojo visivyo vya kawaida.

Dalili moja ikidumu, mpeleke kituo cha afya. Zikiwa mbili au zaidi, mpeleke haraka na uulizie picha. Mtoto asiyeamshika vizuri, mwenye degedege mfululizo, aliyepoteza kuona ghafla, au ambaye mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, huyo hasubiri miadi. Ni wa dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Huenda ukadhani kujua dalili ni jambo dogo ukilinganisha na mashine. Uingereza mashine zilikuwapo siku zote, lakini mtoto mwenye uvimbe wa ubongo alikuwa akikaa zaidi ya miezi mitatu tangu dalili ya kwanza mpaka kugunduliwa. Mwaka 2011 ikaanzishwa kampeni ya HeadSmart, iliyogawa kadi ndogo za dalili kwa wazazi na madaktari. Miaka michache baadaye muda huo ukashuka hadi chini ya wiki saba. Kadi za karatasi zilifanya kazi ambayo mashine peke yake haikuweza kuifanya.

"Ametibiwa malaria mara tatu, bado anatapika"

Hapa ndipo watoto wetu wengi wanapopotelea. Kutapika kunaitwa malaria, halafu taifodi, halafu minyoo, halafu vidonda vya tumbo. Kila safari kuna dawa, na kila dawa ina siku zake tano au saba za kusubiri. Simlaumu mhudumu wa zahanati, kwa sababu magonjwa hayo yapo kweli na uvimbe wa ubongo ni nadra. Lakini kuna mambo unayoweza kuyasimamia mwenyewe:

1. Usikubali dozi ya pili ya malaria kabla ya kipimo. Kikisema hakuna malaria, chanzo kingine kitafutwe.
2. Mtoto akimaliza dawa na dalili ikarudi ile ile, rudi kituo kile kile na daftari lile lile. Ukihamahama kila mara unaanza upya, na hakuna anayeona kwamba jambo hili lina wiki sita.
3. Omba apimwe macho kwa ndani. Mtaalamu wa macho akitazama nyuma ya jicho kwa kifaa chake anaweza kuona mshipa mkuu wa jicho umevimba kwa shinikizo la ubongo. Kipimo hiki hakina sindano wala mionzi, na baadhi ya hospitali za wilaya zina mtu anayekiweza.
4. Mtoto akiandikiwa miwani na makengeza yakazidi badala ya kupungua, usiongeze nguvu ya miwani. Uliza kuhusu ubongo.

Kuhusu degedege ningependa tuelewane bila kubezana. Nyumba nyingi bado zinaona degedege ni jambo la kwenda kwa mtaalamu wa asili kwanza. Kama familia ina dua au tiba yake inayoiamini, sina ugomvi nayo, ila isitangulie hospitali na isichukue nafasi yake. Degedege lililokuja bila homa mara nyingi lina chanzo ndani ya kichwa, na chanzo hicho lazima kitafutwe.

Nenda na maelezo yaliyoandikwa

Daktari wa kliniki yenye foleni ana dakika chache. Zitumie hivi. Andika kwenye karatasi moja: dalili ya kwanza ilianza lini, ikafuata ipi, hutokea saa ngapi, dawa gani ametumia. Kama anayumba au macho yanachezacheza, mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika ya mtoto anavyotembea huwa na nguvu kuliko maneno mengi. Beba na kadi ya kliniki, kwa sababu vipimo vya kichwa na uzito, kama viliandikwa, vinaonyesha mwendo wa miezi.

Taja pia yaliyo kwenye ngozi. Mtoto mwenye madoa ya rangi ya kahawa sita au zaidi mwilini, au ambaye mzazi wake anayo, anaweza kuwa na ugonjwa wa kurithi unaoambatana na uvimbe kwenye mishipa ya macho. Habari hiyo inabadilisha jinsi picha inavyopigwa na kusomwa, na wazazi huwa hawaitaji kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Kisha sema waziwazi: "Daktari, nina wasiwasi na ubongo wake. Je, kuna sababu ya kutompiga picha?" Akikueleza sababu yenye mashiko, mwulize ni dalili gani ikitokea urudi, na baada ya siku ngapi. Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Picha ipi kwa mtoto yupi?

Ultrasaundi ya kichwa. Ni kwa mtoto mchanga ambaye utosi wake bado uko wazi. Haina mionzi, ni nafuu, na inaonyesha vizuri maji yaliyojaa kwenye ubongo. Lakini uvimbe mdogo, hasa wa nyuma na chini ya kichwa, unaweza kuikwepa. Ikiwa safi na dalili zikaendelea, msiishie hapo.

CT skani. Inatumia mionzi ya eksirei na inachukua dakika chache, mara nyingi bila dawa ya usingizi. Tangu mwaka 2021 mashine hizi zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini Tanzania, kwa hiyo kwa wengi ndiyo picha ya kwanza wanayoweza kuipata. Katika dharura ndiyo inayofaa: inaonyesha haraka damu iliyovuja, maji yaliyojaa, na uvimbe mkubwa.

MRI. Inatumia sumaku yenye nguvu, haina mionzi, na inaonyesha nyama ya ubongo kwa undani ambao CT haiufikii. Uvimbe mwingi wa watoto hukaa sehemu ya nyuma na chini ya kichwa, kwenye ubongo mdogo na shina la ubongo, mahali palipozungukwa na mfupa mnene. Mfupa huo huivuruga CT, na uvimbe mdogo wa shina la ubongo unaweza usionekane kabisa.

Hapo ndipo lilipo jibu la wanaouliza kama wanazungushwa ili walipe mara mbili. CT imejibu swali la kwanza: kuna kitu au hakuna, na je, ni hatari sasa hivi? MRI inajibu la pili: kitu hicho ni cha aina gani, kimeshika nini, na mpasuaji apite wapi. Mpasuaji anayeomba MRI kabla ya kufungua kichwa cha mwanao anafanya kazi yake vizuri. Vilevile, CT ikisema hakuna kitu na mtoto bado anayumba, usiende nyumbani umetulia. Omba MRI.

Na kama MRI ipo karibu na mtoto hayumo hatarini, hakuna lazima ya kupitia CT kwanza.

"Je, mionzi ya CT haitamletea saratani?"

Swali zuri, na lina jibu la kweli. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba katika kila CT 10,000 za kichwa kwa watoto wa chini ya miaka 10, ndani ya miaka kumi hutokea saratani ya damu moja ya ziada na uvimbe wa ubongo mmoja wa ziada. Hatari ipo, lakini ni ndogo sana. Kwa mtoto mwenye dalili nilizozitaja, hatari ya kutompiga picha ni kubwa zaidi. Kosa liko kwingine: kupiga CT kila mtoto anaposhikwa na kichwa, au kurudia CT ile ile kwa sababu filamu ya kwanza imepotea. Uliza pia kama mashine imewekwa kipimo cha mtoto. Mtoto hapaswi kupigwa kwa kiwango cha mtu mzima.

Picha za ndani zaidi: zinasaidia nini hasa?

Siku hizi fomu za MRI huja na maneno mengine: difusheni, spektroskopia, pafyusheni. Wazazi huyaona kama nyongeza za kupandisha bili. Hufanywa kwenye mashine hiyo hiyo ya MRI, mara nyingi katika safari hiyo hiyo, na kila moja ina swali lake.

Difusheni inapima jinsi maji yanavyojongea kati ya seli. Uvimbe mkali wa watoto unaoitwa medulloblastoma una seli zilizobanana, maji hayapiti kwa urahisi, nao hujitokeza wazi. Astrositoma ya pilositiki, ambayo hukua polepole na mara nyingi hupona kwa upasuaji peke yake, ina nafasi zaidi kati ya seli zake. Magonjwa haya mawili hupenda kukaa mahali pamoja, na kwa CT yanaweza kufanana. Difusheni huchukua dakika chache, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha.

Spektroskopia inapima kemikali zilizomo ndani ya uvimbe bila kuukata. Kuna kemikali inayotokana na seli za neva zenye afya, ambayo hupungua pale uvimbe ulipochukua nafasi, na kuna nyingine zinazopanda seli zinapozaliana kwa kasi. Watafiti wa Birmingham, Uingereza, chuo kikuu na hospitali ya watoto kwa pamoja, wamefanya kazi ndefu ya kuonyesha kwamba aina kuu za uvimbe wa watoto zina mipangilio tofauti ya kemikali. Pafyusheni nayo inaonyesha damu inavyopita ndani ya uvimbe.

Kwa sisi huku vipimo hivi vina faida ambayo vitabu vya Ulaya havikazii sana. Doa lenye umbo la pete kwenye ubongo wa mtoto wa Mbulu au wa Nyanda za Juu Kusini, kunakofugwa nguruwe, linaweza kuwa mabuu ya minyoo ya tegu yaliyopanda kichwani na kugeuka malengelenge. Linaweza kuwa kifua kikuu cha ubongo, au jipu lililotokana na sikio lililotoa usaha muda mrefu. Yote hayo yana dawa, na yote yamewahi kudhaniwa kuwa saratani mahali fulani duniani. Usaha wa jipu una sura yake kwenye difusheni. Lengelenge la tegu mara nyingine huonyesha kinukta ndani, ambacho ni kichwa cha mnyoo. Kwa hiyo mweleze daktari, bila kusubiri kuulizwa, kama kuna mwenye kifua kikuu nyumbani, kama mnafuga nguruwe au mna majirani wanaofuga, kama mtoto aliwahi kuumwa sikio kwa muda mrefu, na hali yake ya VVU kama inajulikana.

Onyo: kwa aina nyingi za uvimbe, picha hizi hazichukui nafasi ya kupima kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wenyewe. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa mgawanyo wake mpya wa uvimbe wa ubongo mwaka 2021, majina ya magonjwa mengi hutegemea vinasaba vya uvimbe, na hivyo hupatikana maabara. Wapo watoto ambao picha inatosha, kama wenye uvimbe wa mishipa ya macho unaoambatana na yale madoa ya ngozi. Wengi si hao. Na kama hospitali unayoifikia ina MRI isiyo na spektroskopia, usiahirishe upasuaji ili kuitafuta nchi nyingine.

Siku ya MRI

Hapa makosa madogo huwarudisha watu nyumbani kilomita mia tatu. Fuata hivi:

- Vua kila chenye chuma kabla hujaingia: hereni, cheni, pini ya nepi, vibanio vya nywele, shanga zenye waya. Hirizi yenye chuma au sindano ndani nayo itoke. Ishike wewe nje, utamrudishia baadaye. Sumaku ile hurusha chuma.
- Futa wanja. Rangi nyingine za macho zina madini yanayoharibu picha mahali penyewe panapotakiwa kuonekana.
- Taja kila kilichopandikizwa mwilini: kifaa cha usikivu, chuma cha mfupa, na hasa mrija wa kupunguza maji kichwani. Mirija mingine ina vali inayorekebishwa kwa sumaku. MRI inaweza kuibadilisha, kwa hiyo lazima ikaguliwe baada ya picha.
- Uliza mapema kuhusu dawa ya usingizi. MRI huchukua nusu saa hadi saa nzima au zaidi, na mtoto akisogea picha inaharibika. Watoto wengi wa chini ya miaka sita hivi huhitaji kulazwa usingizi.
- Heshimu masaa ya kufunga. Kwa kawaida chakula na maziwa ya kopo husimama saa sita kabla, maziwa ya mama saa nne, maji saa mbili, ila fuata utakayoambiwa na hospitali yako. Usimwonee huruma ukamlisha kisirisiri. Chakula kikimpanda akiwa usingizini kinaweza kuingia kwenye mapafu. Bibi na shangazi waliokuja kusaidia nao waambiwe hivyo.
- Mchanga wa miezi michache mara nyingi hahitaji dawa. Anyonyeshwe, afungwe vizuri kwenye khanga, alale mwenyewe, ndipo aingizwe. Mwombe mtaalamu ajaribu njia hiyo kwanza.
- Mkubwa mwandae. Mwambie mashine inapiga kelele kama nyundo, haiumi, atafunikwa masikio, na wewe unaweza kukaa naye baada ya kukaguliwa. Mchezeshe nyumbani "mchezo wa kutosogea" akiwa amelala chali. Watoto wa miaka saba na nane huweza kabisa wakielezwa ukweli.
- Dawa ya kung'arisha picha, inayodungwa kwenye mshipa, ni salama kwa watoto walio wengi. Sema kama ana tatizo la figo au aliwahi kudhurika na dawa ya aina hiyo.

Jambo jingine kabla ya siku hiyo: usimnunulie mtoto deksamethasoni dukani kwa ushauri wa jirani. Ni kweli hupunguza uvimbe wa maji kuzunguka ubongo, na madaktari huitumia. Lakini ikitolewa kiholela huficha dalili, na inaweza kubadilisha sura ya baadhi ya magonjwa kwenye picha. Kama ameshaipata, taja kiwango na siku.

Na kama mtoto anashukiwa kuwa na shinikizo kichwani huku ameandikiwa kuchomwa sindano ya mgongo, uliza kwa upole kama picha itangulie. Kutoa maji ya uti wa mgongo wakati kichwani kuna uvimbe mkubwa kunaweza kuhamisha ubongo ghafla.

Kuipokea picha: msiondoke na karatasi tu

Hiki ndicho kipengele ninachokirudia mpaka watu wanachoka. Karatasi ya majibu ni maoni ya mtu mmoja kuhusu picha. Picha yenyewe ni ile iliyomo kwenye mashine. Omba CD au flashi yenye faili zote kama zilivyotoka. Filamu kubwa nyeusi si mbaya, lakini hubeba vipande vichache tu. Filamu ikipigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp kwa mjomba aliyeko ng'ambo, daktari wake ataona kivuli cha kivuli. Mkitaka maoni ya pili, tumeni faili.

Tunza nakala mbili, moja kwako na nyingine kwa ndugu. Andika juu yake jina, tarehe na hospitali. Usiziache mahali penye jua kali.

Karatasi ikiwa imesema "uvimbe" au "kitu kinachochukua nafasi", bado hujaambiwa saratani. Muulize daktari maswali haya:

1. Kiko sehemu gani, na kinabana nini?
2. Je, maji yamejaa kwenye ubongo? Kama yamejaa, yatapunguzwa lini? Hii ndiyo hatari ya haraka kuliko uvimbe wenyewe.
3. Mnafikiri kinaweza kuwa kitu gani, na kipi mmekiondoa?
4. Je, amepigwa na uti wa mgongo? Medulloblastoma na aina nyingine husambaa kupitia maji ya uti wa mgongo, na ni vizuri uti mzima upigwe picha kabla ya upasuaji, ikiwezekana katika usingizi ule ule wa MRI ya kichwa.
5. Picha itajadiliwa na nani? Lazima wakae pamoja mpasuaji wa ubongo, daktari wa saratani za watoto, wa mionzi na anayesoma picha.
6. Baada ya upasuaji atapigwa MRI lini? Inayofaa ni ndani ya siku tatu. Ikichelewa, kidonda kinachopona kinaanza kufanana na mabaki ya uvimbe, na hakuna atakayejua kwa uhakika kama umetoka wote. Miadi hiyo iombwe kabla ya upasuaji, kwa sababu foleni ya MRI haingoji.

Nchini Tanzania upasuaji wa ubongo wa watoto unafanyika katika Taasisi ya Mifupa (MOI), pale Muhimbili. Matibabu ya saratani za watoto yapo Hospitali ya Taifa Muhimbili, na tiba ya mionzi ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kanda nyingine zina Bugando, KCMC na Benjamin Mkapa. Kenya kuna Kenyatta, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Moi ya Eldoret. Uganda, hospitali ya CURE ya Mbale inajulikana kwa kutibu watoto wenye maji kichwani, mara nyingi bila kuwawekea mrija. Omba rufaa ya maandishi. Ukijipeleka mwenyewe unaweza kupoteza haki yako ya bima.

Gharama

Sitaji bei kwa sababu hutofautiana na hubadilika. Ninachosema ni utaratibu: kabla ya kuuza shamba au kuku wa mwisho, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Sera ya Tanzania ni kwamba watoto wa chini ya miaka mitano hawalipishwi katika vituo vya umma. Utekelezaji una mapengo, na ofisi hiyo ndiyo mahali pa kuyasemea. Shirika la Tumaini la Maisha linasaidia watoto wenye saratani kutibiwa bila malipo kwa kushirikiana na Muhimbili na hospitali nyingine. Uliza mapema, siku unapopata rufaa. Ukisubiri deni limekaa, mazungumzo yanakuwa magumu.

Usitumie akiba yote kwenye picha ya pili na ya tatu ya kuthibitisha kile ambacho ya kwanza imekwisha kukionyesha. Nauli, malazi ya mlezi na lishe ya mtoto vitadai fedha kwa miezi. PET skani, ambayo baadhi ya watu huifuata hadi Nairobi au India, si picha ya kuanzia kwa uvimbe wa ubongo wa mtoto. Ifanywe pale tu timu inayomtibu imeiomba kwa sababu inayoeleweka.

Picha ikileta jibu zito

Yupo mtoto ambaye MRI itaonyesha uvimbe uliotapakaa ndani ya shina la ubongo, na daktari atasema hauwezi kutolewa. Katika ugonjwa huu hata nchi tajiri hazijapata tiba ya kuuponya, na watoto wengi huishi karibu mwaka mmoja baada ya kugunduliwa. Mionzi huwapa wengi wao miezi mizuri zaidi: hutembea, humeza, hucheka. Nawaambia wazazi hawa wasidanganywe na anayewaahidi upasuaji wa kuutoa wote. Ulizeni kuhusu mionzi, dawa za maumivu, na huduma ya tiba shufaa. Mtoto huyu ana haki ya kutunzwa kwa nguvu ile ile anayotunzwa anayetarajiwa kupona.

Lakini wengi waliokuja na uvimbe hawako katika kundi hilo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani za watoto wenye lengo la angalau asilimia 60 ya watoto kunusurika ifikapo 2030. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na kwetu bado tuko chini sana. Sehemu ya pengo hilo ni kuchelewa kugundua, na sehemu nyingine ni watoto kuacha matibabu njiani.

Picha za kufuatilia

Baada ya tiba mtoto hupigwa MRI kila baada ya miezi kadhaa, kisha kwa nafasi ndefu zaidi, kwa miaka. Wazazi huziacha akishapata nguvu na kurudi shule. Msiziache. Uvimbe mwingine hurudi kimya, na ukionekana ungali mdogo kuna mengi ya kufanya.

Kila safari beba CD ya zamani. Anayesoma picha ya leo bila ya jana hawezi kusema kama kitu kimekua, kimepungua au kimebaki palepale, na mara nyingi hilo ndilo swali lenyewe. Ikiwezekana mashine iwe ile ile. Picha ya kwanza baada ya tiba ya mionzi inaweza kuonyesha uvimbe kana kwamba umeongezeka wakati ni athari ya mionzi tu. Usikubali uamuzi mkubwa ufanywe kwa picha hiyo moja. Muulize daktari kama inafaa irudiwe baada ya wiki kadhaa, kama pafyusheni au spektroskopia inaweza kutenganisha mambo hayo mawili, na kama dalili za mtoto mwenyewe zinakubaliana na kilichoandikwa kwenye karatasi.